Re: Nafasi ya kujitolea Ujerumani, wananidai laki nane

Mdogo wangu wa Ujiji, nimekusoma. Unafundisha jioni vijana wa mwaloni (wanakoshushia samaki) walioacha shule, na sasa wakala anataka laki nane "kushikilia nafasi". Usitume hata senti.

Weltwärts, mpango wa kujitolea wa serikali ya Ujerumani, tangu 2013 unapokea vijana kutoka nchi kama yetu. Malazi, bima na pesa ya kujikimu vinalipiwa. Unapitia shirika la hapa nchini lenye mshirika kule. Kwa hiyo anza na shirika, si wakala. Akisema ni ajira hasa, waulize TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama ana leseni. Pasipoti usimwachie mtu.

Ukiomba, cheti si kila kitu. Andika kazi yako ilivyo: vijana wangapi, mnasoma nini, nani amerudi MEMKWA (elimu ya msingi kwa waliokosa) au ameingia chuo cha ufundi VETA. Omba barua kwa mtendaji wa kata. Kwenye kueleza kazi ndipo wengi wetu tunajipunja, tunaandika "napenda vijana" basi.

Halafu, Kasulu si mbali. Mashirika ya kimataifa yanayohudumia wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu huko hufanya kazi hiyohiyo, bila viza. Mimi ningeanzia huko.