Matiti kukua kwa mwanaume: niliyoyapitia hadi upasuaji

Ndugu yangu uliyeuliza, nimeyasoma maelezo yako kwa makini. Una miaka 24, unaendesha bodaboda kati ya Majengo na Nkuhungu, titi la kushoto limevimba kwa miezi saba na linauma likiguswa, na rafiki yako amekushauri ujinunulie tamoksifeni kwenye duka la dawa, au uongeze pushapu. Mimi niliishi na hali hiyo miaka 17, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa kirefu.

Yangu yalianza nikiwa na miaka 14, kidato cha kwanza, shule ya bweni. Kwenye mpira wa jioni timu zilitofautishwa kwa wenye mashati na vifua wazi, nami nilijipeleka upande wa mashati kabla sijapangwa. Wakubwa walisema yatapita, na kwa wavulana wengi hupita kweli ndani ya miezi 6 hadi miaka 2, kwani wakati wa balehe homoni ya kike, ambayo kila mwanaume anayo kwa kiasi, huweza kuizidi nguvu ile ya kiume kwa muda. Yangu hayakupita. Nikawa mtu mzima anayevaa sweta hapa Dodoma, jambo ambalo Julai kwenye upepo halimshangazi mtu, lakini Oktoba utaulizwa kama una homa.

Duka moja liliniuzia mafuta ya kupaka, chupa tatu kwa awamu, na kilichopungua ni fedha tu. Pushapu nazo zilijenga msuli ulio chini ya titi, ukalisukuma mbele zaidi.

Nilipofika kwa daktari bingwa wa upasuaji, kitu cha kwanza alichofanya kilichukua dakika moja. Alinilaza chali, akaweka kidole gumba upande mmoja wa titi na cha shahada upande wa pili, kisha akavisogeza taratibu kuelekea chuchu. Pale katikati vidole vilikutana na kitu cha duara mfano wa kifuniko cha soda, kigumu kiasi kama mpira, kinachotelezateleza. Hiyo ndiyo tezi ya titi. Vidole vikifika hadi kwenye chuchu bila kukutana na kitu, mara nyingi ni mafuta ya mwili, na hapo kupungua uzito kunaweza kusaidia. Tezi haiondoki kwa kukimbia mbio.

Baada ya hapo aliniuliza maswali ambayo sikuyatarajia: dawa ninazotumia, pombe, unga na sindano za kujenga misuli, magonjwa ya ini, figo na tezi ya shingo. Aliniambia kwamba spironolaktoni inayotolewa kwa wagonjwa wa moyo na presha, vidonge vya fangasi vya ketokonazoli, simetidini ya vidonda vya tumbo, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na efavirenzi iliyotumiwa sana na wanaoishi na VVU, zote zaweza kukuza titi la mwanaume. Dawa ya namna hiyo hubadilishwa na aliyeiandika; usiiache kwa uamuzi wako. Alinipima pia korodani, nikaona haya, hadi aliponieleza kwamba uvimbe mdogo wa korodani huweza kujitokeza kwanza kifuani kwa njia hii. Damu ilipimwa homoni, ini na figo, na nikafanyiwa ultrasaundi.

Sasa kuhusu tamoksifeni. Rafiki yako hakuitunga, kwa maana madaktari huitumia, kwa kawaida miligramu 10 hadi 20 kwa siku kwa miezi michache, ingawa dawa yenyewe inajulikana zaidi kwa kutibu saratani ya matiti. Hufanya kazi vizuri zaidi wakati tezi ingali changa na inauma; ikishapita takriban mwaka mmoja hugeuka kuwa nyama ngumu ya nyuzinyuzi isiyoisikia dawa. Mimi nilikuwa nimechelewa mno. Wewe, kwa miezi saba, hujachelewa, na ndiyo maana nasema nenda upimwe wiki hii badala ya kujinunulia, kwa kuwa dawa hiyo huweza kusababisha damu kuganda kwenye mishipa, na kwa kuwa uvimbe wa upande mmoja unapaswa kuangaliwa kwanza. Saratani ya matiti kwa wanaume ni nadra, lakini ipo. Ukiona uvimbe mgumu sana usio katikati ya chuchu, ngozi iliyovutwa ndani, damu chuchuni au mtoki kwapani, usisubiri hata kesho.

Kwangu kilichobaki kilikuwa kisu. Nilipewa nusukaputi, wakanyonya mafuta ya pembeni kwa mrija, kisha wakakata nusu duara kwenye ukingo mweusi wa chuchu na kuitoa tezi, wakibakiza tabaka dogo ili chuchu isidumbukie. Kilichotolewa kilipelekwa maabara, nami nikapewa majibu kwamba ni salama. Niliamka na mrija kila upande ukitoa majimaji yenye damu kwenye vichupa, ukaondolewa siku ya pili. Fulana ya kubana niliivaa usiku na mchana kwa wiki sita. Nilikuwa na mbili, na hapa hewa yetu kavu ilinifaa, maana niliyoifua usiku alfajiri ilikuwa imekauka. Chuchu zilikufa ganzi kwa miezi kadhaa, na ya kulia haijarudi sawasawa hadi leo. Kama kwenu kuna watu ambao makovu yao huvimba na kukua, mweleze daktari mapema.

Gharama ulizoziulizia hutegemea hospitali, lakini usipange tarehe kabla bima yako haijakujibu kwa maandishi kama inauhesabu upasuaji huu kuwa tiba au urembo. Mimi jibu hilo lilinichelewesha mwaka mzima.

Na kuhusu kazi: mimi nilirudi ofisini baada ya wiki mbili, ila ni kazi ya kukaa. Usukani wa pikipiki kwenye matuta huvuta kifua, na nilikatazwa kunyanyua chochote kizito hadi wiki ya sita ilipokwisha. Ukifikia hatua hiyo, tafuta mapema mtu wa kumwachia pikipiki.