Dell inawaka kwa chaja lakini betri haipandi

Pole ndugu. Kama Dell yako inawaka vizuri ikiwa kwenye umeme ila betri imeganda palepale, usikimbilie kununua betri. Angalia kwanza ncha ya chaja: zile za duara zina kipini chembamba katikati, na hicho ndicho kinachoiambia kompyuta chaja ni ya wati ngapi. Kikipinda, au waya wake ukikatika ndani, mashine inatumia umeme lakini inakataa kuchaji betri. Izime, iwashe huku unabonyeza F2 ili ifungue ukurasa wa mipangilio (BIOS), utafute sehemu ya betri. Ikionyesha chaja haitambuliki, azima nyingine ya Dell yenye wati zilezile ujaribu. Ikichaji, tatizo lilikuwa chaja, si betri. Isipochaji, fundi akague tundu la chaja, nalo hulegea.