Shaba ya kitanzi haishiki kutu

Dada, unauliza kama shaba ya kitanzi, kile cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, hushika kutu na kutia sumu kwenye damu. Haishiki kutu, na wala haitii sumu. Kutu ni ya chuma, kama misumari ya mashua pale Sahare. Shaba hubadilika rangi tu. Mimi ni mkunga hapa Tanga, nimetoa vitanzi vilivyokaa miaka mingi: waya umekuwa mweusi, mara nyingine una utando mweupe wa chokaa, lakini kitanzi kizima.

Ni kweli shaba inayeyuka kidogo kidogo, na ndivyo ilivyokusudiwa. Chembe zake hulemaza mbegu za kiume kabla hazijafika kwenye yai. Jambo hili Daktari Jaime Zipper wa Chile alilionyesha kwa sungura mwishoni mwa miaka ya 1960. Ile 380 kwenye jina la kitanzi cha Copper T 380A ni milimita za mraba za uso wa shaba iliyozungushwa kwenye plastiki yenye umbo la T. Inayotoka kwa siku ni kidogo mno. Kiganja kimoja cha korosho kina shaba nyingi kuliko hiyo. Kwa kuwa shaba hutoka kidogo hivyo, kitanzi kinafanya kazi miaka 10 au zaidi.

Ila mwenye mzio wa shaba, au ugonjwa wa Wilson ambao mwili unashindwa kutoa shaba, asiwekewe. Na hedhi kuwa nzito miezi ya mwanzo ni kawaida. Ikizidi, au ukipata homa na maumivu makali ya tumbo, nenda kliniki siku hiyo hiyo.