Usijaze kozi moja: D zangu tatu na SUZA ya leo

Juzi baada ya sala ya Isha nilikuta ujumbe kwenye simu kutoka kwa binti mmoja wa Micheweni, Pemba. Simjui, ila namba yangu aliipata kwa rafiki yake. Aliandika hivi, kuhusu SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar: "Asalaam alaykum kaka. Nimemaliza fomu siksi mwaka huu, PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), division two. Niliomba udaktari SUZA, majina yametoka simo. Skuli walituambia sifa tunazo. Leo siku ya tatu sijatoka nje, naona haya. Nifanye nini?"

Usingizi uliniruka. Neno hilo, "sifa ninazo", nililisema mimi mwenyewe mwaka 2018, kwa sauti, mbele ya watu, na nililipa gharama yake. Kwa hiyo mdogo wangu, na nyinyi wengine mnaosubiri majina, nakuhadithieni yangu kwanza.

Matokeo yalitoka mwezi wa Julai. Nilikuwa kwetu Mtambwe, juu ya mkarafuu, pakacha limeshajaa nusu. Mdogo wangu akaja mbio na simu ya baba. Kioo chake kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, na alama zangu zimekaa chini ya ufa ule ule: Fizikia D, Kemia D, Baiolojia D. Division two ya pointi 12. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Baba alikuwa amekaa kwenye jamvi anachambua, karafuu kulia, makonyo kushoto. Aliinua mikono akasoma dua, vidole vyote vinanukia karafuu, kisha akaniambia, "Zao la mwaka huu ni lako."

Nilijiona daktari siku ile ile. Na nilikuwa na sababu. Mtoto wa ami yangu alisoma ualimu SUZA miaka kumi kabla yangu, na aliingia kwa alama ndogo kuliko zangu. Kwetu sote yeye ndiye aliyekuwa kipimo: kama yeye aliingia kwa zile, mimi kwa hizi nitakosaje? Mwalimu mmoja niliyemheshimu sana aliangalia cheti changu akasema D tatu zinatosha, nisihangaike. Nikajaza kozi moja tu, udaktari. Ile sehemu ya chaguo la pili na la tatu niliiacha tupu. Niliona kuijaza ni kama kumwambia Mungu sina hakika na riziki yake.

Kosa langu lilikuwa hapo. Nilikuwa naomba chuo cha mtoto wa ami yangu, na chuo kile hakikuwapo tena.

Tazama kilikotoka. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, na wanafunzi wa mwanzo wakaingia madarasani 2002. Mzee wangu mmoja aliyesoma kampasi ya Vuga katika miaka ile ya mwanzo anasema walijuana wote kwa majina, na mtu akikosa kipindi anaulizwa msikitini. Leo makao makuu yako Tunguu. Wamo walimu wa kampasi ya Nkrumah, wamo watu wa afya Mbweni, utalii Maruhubi, fedha Chwaka, na huku kwetu Pemba wamo Mchanga Mdogo. Skuli ya udaktari, iliyoanza kwa mkono wa Chuo Kikuu cha Matanzas cha Cuba, nayo iko chini yake. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ilianzishwa 2011, na tangu hapo hata mtoto wa mvuvi wa Tumbe anaweza kuota chuo bila baba yake kuuza shamba. Ongeza na wazazi wetu: wengi wakiwa na binti, wanapenda asome hapa hapa visiwani, arudi nyumbani Ijumaa. Na hiki ndicho chuo kikuu pekee cha serikali ya Zanzibar. Sasa niambie, foleni hiyo itakuwaje fupi? Siku hizi hata kijana wa Mbeya anaomba akiwa kitandani kwao, kwa simu, na alama zake nzuri kuliko zako na zangu.

Madarasa hayaongezeki kwa kasi ya waombaji, hasa udaktari. Maiti ya kujifunzia anatomia haigawiki kwa watu mia tatu, na wodi za hospitali ya Mnazi Mmoja hazitanuki kwa sababu Kidato cha Sita mwaka huu kimefaulu vizuri.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana vijana wengi wanaangamia kwenye jambo hili na hakuna anayewaeleza. Kuna pointi za aina mbili. Za division, A ni 1, D ni 4, na zikiwa chache ndiyo vizuri. D zangu tatu zilinipa 12, division two ya mwisho kabisa, pointi moja zaidi ningekuwa three. Za udahili zinahesabiwa kinyume: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na zikiwa nyingi ndiyo vizuri. Kwa hesabu hiyo D zangu tatu zilikuwa pointi 6. Na 6 ndiyo sakafu ya udaktari katika mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania: D katika kila somo kati ya yale matatu. Sakafu! Mimi nilikuwa nimelala sakafuni nikidhani nimepanda ghorofani. Aliyepata C tatu ana 9. Aliyepata B mbili na C ana 11. Sote tuna sifa, lakini nafasi zikiwa chache wanaanza kuchukuliwa wa juu, na zinamalizika kabla hawajafika kwangu. Anayekwambia "sifa unazo" hajakudanganya. Amekueleza nusu ya habari, nayo ndiyo nusu isiyokusaidia.

Majina yalipotoka nilikwenda Wete mjini nikaangalia kwa jamaa mwenye intaneti nzuri. Nilipitia orodha mara nne. Mara ya nne nilikuwa nasoma majina ya watu wengine kwa sauti ya chini, nadhani nilitaka mmoja ageuke awe langu. Begi nilikuwa nimeshalinunua, la bluu, lenye magurudumu. Nilirudi nalo Mtambwe kwenye gari ya abiria, kwa sababu nililiacha kwa fundi kutiwa kufuli, nikalipitia siku hiyo hiyo.

Sasa kilichoniuma zaidi. Dirisha la pili la maombi lilifunguliwa. Zilikuwapo kozi nyingine za afya na sayansi ambazo kwa pointi zangu ningesimama vizuri. Mimi nilikuwa shambani nimezima simu, nimesusa. Sikutaka kuulizwa. Barazani mzee mmoja alishasema, mbele ya wenzake, "Daktari wetu kaishia kutibu mikarafuu," na wakacheka. Miaka saba imepita, na naweza kukwambia alikaa upande gani wa baraza na alivaa kofia ya rangi gani. Nilipowasha simu nikaambiwa dirisha limeshafungwa. Mwaka mzima ukapotea kwa sababu ya hasira za siku tisa.

Ya katikati sitayarefusha. Mwaka 2019 nikaanza diploma ya utabibu, miaka mitatu, nikasoma kama mtu anayedaiwa. Nikamaliza na GPA, yaani wastani wa alama, ya 4.1. Mwongozo unamruhusu mwenye diploma hiyo kuomba udaktari akiwa na GPA isiyopungua 3.0 na D zake za fomu foo katika masomo yanayotakiwa. Lakini safari hii sikuuliza inatosha au haitoshi. Niliijaza fomu yote, na nikaomba vyuo vitatu. Mwaka 2022 jina langu likatoka SUZA, Doctor of Medicine, na sasa nakaribia kuanza mwaka wa nne. Nasema kwa fahari, alhamdulillahi: katika kundi letu wapo walioingia kwa B tupu, na wodini mgonjwa akiletwa, mimi niliyetoka diploma nimeshajua kumshika mkono, kutafuta mshipa na kumwuliza maswali bila kumtisha. Wao wananiuliza mimi.

Basi mdogo wangu, sikiliza, na ninasema kwa uchungu kwa sababu najua ulipo.

Kwanza toka ndani. Huna aibu yoyote, hukuiba. Aliyekosa nafasi kwenye kozi inayogombewa hakufeli. Wazazi nao wasikize: mtoto wenu amerudi na division two katika masomo ya sayansi, kisha mnamwangalia kama aliyevunja chungu? Mlizungumze jambo hili vizuri kabla mtoto hajazima simu yake kama nilivyozima yangu. Sisi Wapemba tuna sifa ya kupenda elimu, lakini tuna ulimi pia, na ulimi umewarudisha vijana wengi shambani kuliko alama.

Pili, angalia dirisha linalofuata leo, usingoje kesho. Wapo waliochaguliwa vyuo viwili na vitatu, na kila mmoja lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa kwenye simu. Wakithibitisha kwengine, zile nafasi walizoziacha zinarudi. Nafasi ile inamsubiri mtu aliye macho. Na wewe ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kabla ya siku ya mwisho. Namfahamu kijana aliyepoteza nafasi yake kwa sababu laini aliyojazia fomu ilikuwa ya kaka yake aliyekwenda Tanga.

Tatu, jaza kozi zaidi ya moja. Nitarudia: jaza kozi zaidi ya moja. Ya kwanza iwe ile unayoiota, sikukatazi. Ya pili iwe ile ambayo pointi zako ziko juu ya sakafu yake kwa hatua mbili au tatu. Ya tatu iwe ile ambayo ukiingia darasani wewe ndiwe wa kuogopwa. Na omba zaidi ya chuo kimoja. Kuomba kwengine si kuisaliti Zanzibar.

Na mkopo ni ombi lake mwenyewe, lina tarehe zake. Watu wanachanganya, wanadhani ukichaguliwa chuo bodi inakujua. Tayarisha cheti cha kuzaliwa mapema, maana kama jina la cheti na la skuli halilingani hata kwa herufi moja, utapanda meli ya Unguja mara mbili kwa herufi hiyo.

Walimu wetu, nakuombeni kwa heshima, msiwaambie watoto "inatosha". Wekeni mbele yao kitabu cha mwongozo wa mwaka huu, wahesabu wenyewe, waone sakafu iko wapi na wao wako wapi. Kipimo cha mtoto wa ami kimeshakufa. Aliyeingia 2008 hawezi kukwambia mlango wa leo una upana gani.

Jana jioni nilimpigia yule binti, mama yake akiwa pembeni, nikawahadithia haya yote tangu jamvi mpaka begi la bluu. Nikamwambia aandike kozi nne kwenye karatasi kabla hajalala, anitumie picha.

Asubuhi imefika. Karatasi ya daftari, kalamu nyekundu, udaktari bado ni ya kwanza, ya nne ni ualimu wa sayansi Mchanga Mdogo, karibu na kwao. Chini yake mama ameandika kwa mkono mwengine, herufi kubwa kubwa, anauliza baba yangu alilifanya nini zao lile la karafuu.

Aliliuza, mama. Pesa akaziweka mwaka mzima bila kunigusia, na Septemba ya 2019 ndizo zilizolipa ada yangu ya kwanza ya diploma.