Kabla ya kumlisha, tazama anachotoa

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Umemchukua mbwa aliyeokolewa mtaani, na tangu afike nyumbani anaharisha. Umlishe nini?" Hapa kwetu Rau, Moshi, tumekuwa tukipokea mbwa wa namna hiyo, wengine kutoka vituo vya kuwatunza, wengine moja kwa moja kutoka soko la Mbuyuni, na majirani huniuliza hilo hilo. Mimi nasema chakula kisubiri kidogo. Tazama kwanza kinyesi, ufizi na nguvu za mbwa mwenyewe. Hapo ndipo utajua kama una siku kadhaa za kumtuliza au una saa chache tu.

Saa chache ni za mtoto wa mbwa anayetapika, amekataa kula na anaharisha majimaji yenye damu. Mchukulie kuwa ana parvo mpaka daktari wa mifugo aseme vingine. Virusi hivi huchubua utumbo na kushusha kinga, na huwashika zaidi watoto wa wiki 6 hadi miezi 6 ambao hawajachanjwa. Maji yanamtoka kwa kasi ambayo kijiko chako hakiwezi kuifidia, kwa hiyo mpeleke siku hiyo hiyo awekewe dripu. Udongo wa ua huweza kubaki na virusi kwa miezi mingi, basi usilete mtoto mwingine asiyechanjwa. Sakafu ya saruji ioshwe kwa sabuni, kisha kwa Jik, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, iachwe imelowa dakika 10.

Mbwa mkubwa naye asingojee kesho kama ufizi wake umepauka, anatapika hata maji, kinyesi ni cheusi tii na kinanata, au ngozi ya shingoni ukiivuta inachelewa kurudi.

Kuna dalili moja naomba isomwe mara mbili. Mbwa uliyemchukua mtaani akianza kutokwa udenda, taya limelegea, hawezi kumeza, watu husema amekwamwa na mfupa na mtu anaingiza mkono kuutoa. Usifanye hivyo hata kidogo. Kichaa cha mbwa huweza kujificha mwilini wiki au miezi kabla hakijajitokeza, na mbwa aliyefika mzima anaweza kuwa amekuja nacho. Mfungie mahali salama, mwite daktari wa mifugo. Akishakung'ata, au mate yake yakigusa jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali papo hapo.

Sasa tuje kwa yule ambao ndio wengi: anaharisha, lakini anakunywa maji, anatembea, mkia unacheza. Mbwa huyu ametoka kula chochote alichookota, amefika mahali asipomjua mtu, na hofu peke yake huharakisha mwendo wa utumbo. Utaona anachuchumaa mara nyingi, anajikamua, kinatoka kidogo chenye ute. Juu ya hofu hiyo, sisi tunamwekea karamu. Huku Kilimanjaro kitu cha kwanza ni maziwa, maana ng'ombe yupo bandani. Mbwa wengi wakishakua hawana tena uwezo wa kutosha wa kusaga sukari ya maziwa, nayo huvuta maji utumboni. Cha pili ni mtori uliobaki. Mtori una mafuta, na una vitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na madhara huonekana siku kadhaa baadaye wakati kila mtu ameshasahau alikula nini. Mbwa wa mtaani mara nyingi amefika damu yake ikiwa tayari imepungua kwa minyoo ya safura na kupe, ndiyo maana suala la mtori linaniuma kuliko maziwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha, isitupwe karibu naye. Wenye mashamba ya kahawa, msimwachie punje zilizoanguka. Kafeini ni sumu kwake.

Chakula cha siku hizo kiwe kimoja tu. Chemsha mchele, hata chenga zinafaa, mpaka ulainike kabisa, uchanganye na nyama ya kuku isiyo na ngozi wala mfupa, bila chumvi, bila mafuta. Kuku akikosekana, yai la kuchemsha. Mpe kidogo, mara nne kwa siku, saa zile zile. Yule aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika usimfungishe, maana utumbo wenyewe hujijenga kwa chakula kinachopita ndani yake, lakini usimjazie sahani pia. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipokea mlo mkubwa ghafla, madini ya damu, hasa fosforasi, huporomoka na moyo unaweza kushindwa. Maji safi yawepo muda wote.

Kinyesi kikishashikana siku mbili tatu, anza kuchanganya chakula utakachomlisha siku zote, ukiongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hadi siku 10. Wali na kuku havina kalsiamu ya kumtosha, hivyo visiwe chakula cha maisha. Dagaa ni wazuri kwenye ugali wake, ila waoshwe mchanga na chumvi. Utumbo na mapafu ya bucha vichemshwe mpaka viive, kwa sababu mbwa anayekula matumbo mabichi ya mbuzi na kondoo hupata tegu, mnyoo bapa ambaye mayai yake humpa binadamu uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu. Huku kaskazini kwa wafugaji ugonjwa huo upo. Na kama mbwa ametoka kituoni, omba wakufungie chakula alichozoea cha siku chache, hawakatai.

Minyoo karibu kila mbwa wa mtaani anayo. Ukiona punje mfano wa mchele zikicheza kwenye kinyesi au chini ya mkia, huyo ni tegu wa aina nyingine, na kiroboto ndiye anayemleta, kwa hiyo viroboto wasipotibiwa tegu atarudi. Safura na minyoo ya mviringo hutibiwa vizuri kwa fenbendazoli, tegu huyo kwa prazikwanteli, na dozi hufuata uzito. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha utoe uzito wako. Rudia baada ya wiki 2 au 3, kwa kuwa wadogo waliokuwa bado wamejificha mwilini watakuwa wamekua. Usimchotee ivamektini kutoka chupa ya ng'ombe. Ni kali mno, na wapo mbwa ambao ubongo wao hauistahimili kabisa. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu za kwenye droo ya nyumbani, humtoboa tumbo.

Kinyesi kizolewe siku hiyo hiyo. Mayai ya minyoo ya mviringo huhitaji wiki kadhaa ardhini kabla ya kuweza kuambukiza, na viluwiluwi vya safura ya mbwa hupenya ngozi ya watoto wanaotembea peku. Ukizoa mapema, umewakinga watoto.

Ikiwa baada ya utulivu, chakula kimoja na dawa ya minyoo bado anaharisha wiki ya tatu, usikubali aongezewe tu Flagyl nyingine. Dawa hiyo huua pia bakteria wema wanaomsaidia kusaga chakula. Chukua kinyesi kibichi cha asubuhi, kwenye kichupa safi, kwa siku tatu tofauti, upeleke kikapimwe kwa darubini. Giadia, kimelea kidogo cha utumboni, hatoki kila siku, na sampuli moja ikionyesha hakuna kitu haitoshi kumwondolea shaka. TVLA, wakala wa maabara ya mifugo, wana kituo Arusha. Daktari wako anaweza kuwatumia. Mwandikie pia kwenye karatasi alikula nini, lini, na kilitoka vipi. Karatasi hiyo huokoa vipimo vingi.

Msomaji wenu, Rau, Moshi