Jibu: Trisquel haioni waifai

Ndugu, umeuliza kwa nini Trisquel, mfumo wa kompyuta wenye programu huru tupu, haioni waifai wakati Ubuntu, mfumo uliokuwa nao awali, iliiona kwenye laptopu hiyohiyo. Kadi yako ya waifai ni nzima. Kadi nyingi, zikiwemo za Intel, haziamki mpaka zipakiwe kijiprogramu ambacho mtengenezaji hatoi msimbo wake. Ubuntu huja nacho. Trisquel hutumia kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux-libre, iliyoondolewa vitu vyote vya namna hiyo, ndiyo maana kadi imelala.

Fungua teminali, andika lspci -k, amri inayoorodhesha kadi zilizomo na dreva ya kila moja. Ukiona dreva ya ath9k, kadi ni ya kampuni ya Atheros na ilipaswa kuwaka yenyewe, basi turushie matokeo hapa. Ukiona iwlwifi, yaani dreva ya kadi za Intel, usipoteze usiku wako: tafuta kifaa cha USB chenye chipu ya AR9271 ya Atheros, ambayo kijiprogramu chake kiko huru, msimbo wake wazi, tangu 2013. Mimi natumia hicho; nilipokichomeka tu, amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, ikaonyesha namba ya chipu hiyo, 0cf3:9271, na majina ya mitandao yakajaa. Ila dukani kagua toleo kwanza! TP-Link TL-WN722N toleo la 1 ndiyo yenye chipu hiyo, la 2 na la 3 zina chipu za Realtek, ambazo hazitakufaa hapa, na kwa nje zinafanana mno.

Tafadhali usirudi Ubuntu kwa sababu ya kadi moja.