Kwa nini hatutoi pesa tu tukakaa nyumbani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza, tena bila kunionea haya: mwaka mzima wa vikao vya klabu yetu ya kujitolea ya Lions, vizibao vya manjano na picha za kupeana mikono, si afadhali kila mwanachama atoe mchango wake, alipwe mtu afanye kazi, nanyi mkae nyumbani?

Nianze kwa kukupa haki yako. Miti tuliyopanda mwanzoni mwa mwaka imekauka karibu yote. Tulichimba, tukapiga picha, tukaondoka. Hakuna aliyepangiwa zamu ya kumwagilia. Hapo mtunza bustani wa kulipwa angefaa kuliko jasho letu, na nililisema hilo kikaoni, wakanuna.

Ila gharama za vikao usizitie humo. Kinachochangwa na umma ni cha umma. Vikao vinaendeshwa kwa ada zetu wenyewe. Mhazini ana hesabu mbili na haziruhusiwi kukutana.

Sasa nikueleze siku yetu ya kupima watu macho. Kazi hii hatukuibuni sisi. Mwaka 1925 Helen Keller, asiyeona wala kusikia, aliwaendea Lions mkutanoni huko Ohio, Marekani, akawaomba wawe watetezi wa vipofu, na klabu zimeishika kazi hiyo hadi leo. (Wakati huo wanawake hatukuwa tunapokelewa, mlango ulifunguliwa 1987. Mwanamke alitoa agizo, wanawake wakangoja miaka 62. Siachi kuwatania wazee wa klabu kwa hilo.)

Mimi nilipewa chati, ile yenye herufi E zinazotazama huku na huku, na mpimwaji anaonyesha kwa mkono vidole vya E vimeelekea wapi. Akaja mzee mmoja. Juu, kulia, chini, kushoto: hakukosea hata moja. Lakini nilimwona alivyokuwa akipapasa kiti kabla ya kukaa. Nikaigeuza chati juu chini, nikamwomba arudie. Akaonyesha vilevile: juu, kulia, chini, kushoto. Alikuwa amekaa foleni saa nzima akisikiliza tunavyowasahihisha waliomtangulia, akakariri. Aliona aibu kusema haoni.

Daktari alimwangalia akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji ungesaidia. Utasema hata muuguzi wa kulipwa angegundua. Sawa. Ila muuguzi angeandika karatasi ya rufaa na siku ingeishia hapo. Mzee hakuwa na wa kumpeleka, na safari zenyewe zilikuwa nne: vipimo, jicho la kwanza, jicho la pili, na kurudi kuangaliwa. Alfajiri zote nne gari lilikuwa la mwenzetu mmoja ambaye, kusema kweli, hapendi kuamka mapema na hamjui mzee yule hata kwa jina la ukoo.

Alikubali kwa nini? Kwa sababu niliyempigia simu ni mimi. Katika klabu zetu kuna mtu mwenye cheo cha kutoza faini za mzaha: umechelewa, lipa, umejisifu, lipa. Mwenzetu huyo ametozwa mara nyingi kuliko wote na mimi ndiye ninayemchongea. Alipofiwa na mkewe, tulikaa naye zamu kwa zamu hadi alipotufukuza. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kesho saa kumi na moja alfajiri, atalalamika, lakini atakuwa mlangoni. Vikao unavyoviona vya porojo ndivyo vilivyonipa ujasiri wa kumwamsha.

Na miti ile ilikufa kwa sababu hiyohiyo. Tulialika watu wengi wa siku moja, tusiojuana, na hakuna aliyeweza kumpigia mwingine kumwambia leo zamu yako.

Mwaka wetu unaisha tarehe 30 Juni na rais mwingine anashika kiti. Siku ya pili ya kupima macho ilikuwa wiki iliyopita. Mzee alikuja, hakupanga foleni, akasimama penye alama sakafuni na kunielekezea chati kidole.

“Igeuze,” akasema.

Nikaigeuza. Akaonyesha zote. “Igeuze tena.”

Mama yako